Nimelipia siti tatu Dar hadi Himo, mwanangu kasafiri kwenye ndoo ya rangi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Marangu, ukweni, saa 5 usiku. Watoto wamelala, umeme umekatika tangu magharibi na simu inaelekea kuzima, kwa hiyo nitamwaga yote kwa mkupuo. Mwenye haraka apite. Uzi ni mrefu na nina hasira.

Mimi ni Mzigua wa Handeni niliyeolewa Uchagani. Mlioolewa huku mnajua, ikiingia Desemba mwanaume anaanza kuusikia mlima unamwita hata akiwa Mbagala kwenye foleni. Lazima watu wakahesabiwe. Mwaka huu baba watoto kabanwa na kazi mpaka tarehe 27, na bibi yao hajamtia machoni mjukuu mdogo tangu azaliwe. Basi ikaamuliwa (naomba mlitazame hilo neno, ikaamuliwa) kwamba mimi nitangulie na watoto wote watatu. Wa kwanza ana miaka 6, wa pili 3, wa tatu miezi 9.

Treni ya Moshi, hii ya zamani iliyofufuliwa Desemba 2019, ndiyo nilikuwa naitaka, maana mtoto anaweza kunyoosha miguu na choo kipo. Nilipokwenda kuulizia siti za wiki ya Krismasi niliangaliwa kama mtu aliyekuja kununua kanga sikukuu imeshapita. Ndipo shemeji yangu akapiga simu kutoka huku: "Shemeji usihangaike, panda basi la fulani, ni mtu wetu huyu, mtakaa vizuri." Mtu wetu. Mwenye basi anatoka kijiji cha jirani na ukweni, wanazikana, wanachangiana harusi. Hii ndiyo sababu jina la kampuni sitaliandika hapa, kwa hiyo msinisumbue kwenye maoni. Nimeombwa na mama mkwe, nimekubali kwa shingo upande.

Nikaenda stendi ya Magufuli, Mbezi, wiki tatu kabla. Nauli elfu sitini kwa kichwa. Wakuu, viwango vya nauli vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Dar mpaka Moshi ni kilomita kama 550. Zidisheni wenyewe, hata hilo la kati halifiki 38,000. Nikamuuliza mkataji tiketi hiyo elfu ishirini na kitu inayozidi ni ya nini, akajibu, "Mama, hii Desemba." Kama vile Desemba ni aina ya mafuta.

Watoto je? Nikadhani kutakuwa na nusu nauli. Kwenye treni ya SGR, ile mpya ya umeme, mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, wa chini ya hapo anapakatwa bure, tatizo reli yenyewe imeelekea Dodoma. Yule mkataji tiketi, kijana wa watu, mpole kabisa, kalamu sikioni, akaniambia: "Siti ni siti mama. Hata ukiweka begi unalipia." Naomba hiyo sentensi muishike.

Nikalipa siti tatu, yangu, ya wa miaka 6 na ya wa miaka 3. Laki na themanini. Na kwa kuwa januari watu wote wanashuka kwa siku moja kuwahi shule, nikalipia na ya kurudi tarehe 4. Jumla laki tatu na sitini. Tiketi zikatoka, nikazisoma, kila moja imeandikwa 37,000. Nikamwonyesha. Akacheka: "Hiyo ni ya mfumo tu."

Siku yenyewe, tarehe 22. Tumeambiwa turipoti saa 11 alfajiri, basi linaondoka saa 12. Fikirieni kumwamsha mtoto wa miaka mitatu saa 9 usiku, kumvisha sweta Dar es Salaam, na mwingine mgongoni kwa kanga, na kiroba cha mchele wa ukweni, na nazi ishirini ambazo mama mkwe kaziagiza kwa jina. Nazi zikatozwa elfu kumi za mzigo. Basi likaondoka saa 1 na dakika 40.

Tulikaa hivi: C1 dirishani binti wa miaka mitatu, C2 mimi na mtoto mchanga, C3 ng'ambo ya njia kaka yao, pembeni yake C4 mzee mmoja mstaarabu aliyempa karanga. Nikavuta pumzi. Nikamtumia baba watoto picha, "tumekaa vizuri".

Kibaha, Maili Moja, basi likasimama kupakia. Konda akaja na kijana mwenye begi la mgongoni, akamshika mwanangu bega: "Dogo, nenda kwa mama." Nikamwambia huyo ana siti yake, tiketi hii hapa. Hakuitazama. "Mama, watoto wawili wanakaa siti moja hao, wadogo. Tusaidiane, sikukuu hii." Mzee wa karanga akajaribu kuingilia, akaambiwa, "Mzee, wewe si umeshakaa?" Kijana akakaa C3, akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Sikumlaumu sana, baadaye alinionyesha, naye kalipa elfu hamsini, mkononi, bila tiketi. Yaani C3 imeuzwa mara mbili, mara ya kwanza kwangu na mara ya pili kwake.

Ningeishia hapo nisingefungua uzi. Chalinze akapanda mama mmoja mtu mzima, mguu umevimba, anachechemea. Konda moja kwa moja mpaka kwangu: "Mama, pakata watoto, huyu mama mgonjwa akae." Nikamwambia mchanga yuko kifuani, nipakate wa pili wapi, kichwani? Na wa tatu? Ndipo basi zima likageuka. Sauti za nyuma: "Mama acha ubinafsi." "Watoto wa siku hizi wanadekezwa." "Sisi tulikuwa tunasimama Moshi mpaka Dar." Jamani, mimi ndiye niliyelipa! Aliyemwuzia mgonjwa siti isiyokuwepo ni konda, lakini mwenye roho mbaya nikawa mimi. Huo ndio ujanja wao, wanauza siti yako kisha wanakuletea mtu wa kuhurumiwa umkatalie mbele za watu. Nilimpisha. Ningefanyaje, mguu ule niliuona.

Binti akaja pajani, mchanga akahamia bega la kushoto. Kaka yao akaletewa ndoo. Ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, imefunikwa, juu wameweka kipande cha godoro. Ikawekwa katikati ya njia. Mtoto wa miaka sita mwenye tiketi ya elfu sitini akakaa pale, basi likipiga breki anashika goti la mtu asiyemjua.

Sasa sikilizeni kilichonikata maini. Hatujafika mbali, mbele kuna askari wa barabarani. Konda akapaza sauti: "Wa katikati inameni! Inameni!" Watu wazima sita saba waliokuwa kwenye njia wakachuchumaa, wengine wakajifunika mitandio. Na mwanangu, kwa kuwa ni mtoto msikivu, na kule shule kafundishwa kutii mkubwa, akashuka kwenye ndoo, akachuchumaa, akaweka mikono kichwani. Hakuna aliyemfundisha hiyo ya mikono, sijui kaiona wapi. Abiria mwenye tiketi halali, mwenye namba ya siti, anajificha askari asimwone. Nikataka kusimama nipige kelele, mchanga akaanza kulia, binti kanilalia mkono umekufa ganzi, askari akachungulia mlangoni, akaongea na dereva, tukapita. Mtoto akaniuliza, "Mama, tumefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Tulipopita Mkata, pale barabara inapokatia kwenda kwetu Handeni, wallahi nilitamani kushuka. Mama yangu mzazi yuko saa moja tu kutoka pale. Ningeshuka na wanangu na nazi zangu, Krismasi ya wakwe ikanipite.

Kuchimba dawa sisemi sana. Binti aliomba kukojoa kuanzia Kabuku, tukaambiwa Korogwe si mbali. Korogwe ilikuwa mbali. Khanga moja, gauni moja, na paja langu lote la kulia. Pale Korogwe dakika kumi na tano za kula, chipsi zimepoa, foleni ya choo imezunguka jengo. Nilimbadilisha nguo nyuma ya tairi. Mwanangu wa kwanza alikaa kwenye ndoo mpaka Mombo, ambapo yule mama wa mguu aliteremka akaelekea Lushoto, akatuombea dua njiani kote kusema kweli. Himo tumefika saa 2 kasoro usiku. Saa kumi na mbili barabarani.

Kwa hesabu yangu, siti mbili za watoto zimeuzwa tena, na mimi nimekalia siti moja kuanzia Chalinze mpaka Mombo. Siti ya laki na themanini. Ndege nahisi wangetupa na juisi.

Haya, ukweni. Nimepokelewa vizuri, mtori wa moto, maji ya kuoga yako jikoni, mchanga kapokewa kwa nyimbo. Watoto walipolala nikasimulia. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Pole mkwe wangu. Lakini watoto huwa wanapakatwa. Mimi nimempakata mumeo mpaka Mombasa." Nikamwambia mama, tatizo si kupakata, nimelipa. Shemeji akadakia: "Shemeji, yule ni mtu wetu, usije ukamchafua huko mitandaoni, kesho kutwa tunakaa naye kwenye kikao cha ukoo." Yaani kwa sababu ni mtu wetu, ndiyo atuibie sisi?

Kesho yake nikapiga simu ofisi yao, namba iko kwenye tiketi. Binti wa ofisini akanisikiliza dakika nzima, akauliza, "Kwa hiyo mama, mlifika salama?" Nikasema ndiyo. "Tunamshukuru Mungu." Nikaomba nirudishiwe za siti mbili, au angalau za kurudi nizivunje nitafute usafiri mwingine. Akasema fedha ikishaingia hairudi, ila siku ya safari niwahi, nimwone konda, "mtaelewana". Konda! Nikamwuliza, si mlisema siti ni siti? Akakata simu, au mtandao wa huku, sitaki kumsingizia.

Malalamiko LATRA nitapeleka, picha za tiketi ninazo, na ya mwanangu kwenye ndoo ninayo pia, niliipiga kwa siri baada ya Segera. Baba watoto anasema nisubiri aje tuongee "kifamilia". Shemeji kanitania kwamba nikizidi kusema wataniletea jani la sale, na ukiletewa sale Uchagani huna ujanja, unasamehe. Walete tu. Na zile fedha zangu wazifungie humo humo kwenye jani.

Ombi langu kwenu, wakuu. Kuna aliyewahi kurudishiwa nauli na basi, fedha ikaonekana kwa macho? Alifuata njia gani? Na la pili: mwenye gari binafsi anayeshuka Dar tarehe 3 au 4 akiwa na nafasi, aje inbox. Mafuta tunachangia, nina mkungu wa ndizi na parachichi za kutosha, watoto hawatapiki. Nahitaji nafasi tatu, na tukikaa tumekaa. Mchanga nitampakata mwenyewe, huyo sina ugomvi naye.