Pakiti za risasi za zamani bado zina utepe: nifungue au niache?

Kijana wa Ngamiani: Wakuu, habari za saa hizi. Kwenye sanduku la marehemu babu hapa Tanga kuna pakiti nne za risasi za bunduki ya kuwindia, kampuni ya Kynoch ya Uingereza, kipimo .404, za tano-tano. Babu alikuwa na leseni. Pakiti tatu bado zina utepe wa karatasi, ya nne utepe umekatika. Mjomba anataka tufungue zote tuone kama zimeharibika. Mimi nasita. Mnasemaje?

Pweza Mkavu: Kabla ya utepe kuna sheria, mkuu. Leseni ya babu hairithiwi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, na bila kibali chenu wenyewe hizo ni risasi haramu hata kama ni za makumbusho. Nenda kituo cha polisi Chumbageni na picha na makaratasi ya babu. Risasi ziache nyumbani. Usizipandishe bodaboda. Waulize wao watazifuataje.

Sanduku la Mninga: Mwambie mjomba asiguse utepe. Kwa wakusanyaji, pakiti ambayo haijafunguliwa ina thamani kuliko risasi zilezile zikiwa huru, na utepe ukichanika hata gundi nzuri haiurudishi. Tena hakuna siri ya kutafuta humo ndani: lebo inataja kipimo na aina ya kichwa (kile kipande kinachoruka), kigumu cha tembo na nyati au laini. Kama lebo imefifia, piga picha kwa mwanga wa pembeni, maandishi hujitokeza. Ukitaka uhakika kwamba zimo tano, pima kila pakiti kwa mizani ya gramu na ulinganishe. Kichwa peke yake ni kama gramu 26, hivyo ikipungua risasi moja utaona. Ila kigumu na laini hutavitofautisha kwa mizani, vyote ni greni 400, ndiyo hizo gramu 26.

Kijana wa Ngamiani: Shukrani. Sasa kama ndani zinaoza na mimi nimezifungia tu?

Mzee wa Raskazone: Hoja ya mjomba si ya kupuuza. Baruti ya risasi hizi ni kordaiti, ina nitrogliserini na nitroselulosi. Nitroselulosi ikizeeka hutoa gesi ya asidi, na joto huharakisha. Ndiyo maana darini chini ya bati ni mahali pabaya kabisa. Mimi ningeruhusu ifunguliwe ile moja ambayo utepe tayari umekatika, tena na mtaalamu wa silaha wa polisi. Aangalie ukungu wa kijani kwenye shaba, ufa shingoni mwa ganda, na fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda) kama imetoka mahali pake. Zikiwa safi, hizo tatu ziacheni.

Sanduku la Mninga: Hapo nakubaliana na mzee. Naongeza tu: karatasi ikiwa na doa la kahawia au harufu kali ya asidi, msifungue wala kutikisa. Tokeni chumbani, muwaite polisi.

Kijana wa Ngamiani: Wakati tunawasubiri, zikae wapi? Mjomba anasema tuzifunge kwenye nailoni, eti kaskazi lina chumvi.

Mzee wa Raskazone: Nailoni hapana, itafungia unyevu na hiyo gesi. Tumia kasha la mbao lenye kufuli, kwenye kabati la ndani, mbali na jiko, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu pembeni bila kugusa karatasi. Na msiziweke stoo inayopakana na banda la kuku. Amonia ya kinyesi hupasua shaba: jeshi la Uingereza kule India liliona risasi zilizowekwa mazizini zikipasuka shingo msimu wa mvua.

Pweza Mkavu: Na hiyo ya nne msiisugue. Dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia hiyohiyo, na mafuta ya kupulizia hupenya hadi kwenye fataki.

Kijana wa Ngamiani: Sawa wakuu. Picha nimeshapiga, mjomba kakubali kwa shingo upande. Kesho asubuhi tunaenda Chumbageni.

Pweza Mkavu: Chukueni na cheti cha kifo, watakiuliza.