Mjadala: Fedha za michezo za halmashauri ziende kwenye timu ya ligi au kwenye viwanja vya mitaa?

Mleta mada

Wadau, salaam. Naleta hoja hii nikiwa na msimamo tayari, kwa hiyo atakayenipinga anipinge kwa nguvu zote.

Tumezoea kulalamika kwamba halmashauri haziweki fedha kwenye michezo. Zinaweka. Kinondoni wana KMC, timu ya manispaa yao, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018. Dodoma wana Dodoma Jiji. Mbeya wana Mbeya City, na hao tuwape haki yao: walipanda 2013, na msimu wao wa kwanza wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mji mzima ulitembea kifua mbele. Raha ile naijua, siidharau.

Lakini tufuatilie fedha ya timu inaishia wapi. Usajili, mishahara, posho, kambi, safari za mikoani. Msimu ukiisha, gharama zilezile zinaanza upya, na timu ikishuka daraja hakuna kinachobaki ardhini. Wanaocheza hawafiki hata darasa moja la shule ya msingi, na wengi wamesajiliwa kutoka mikoa mingine. Mtoto wa Tandale au Vingunguti kazi yake ni kuangalia. KMC wana uwanja pale Mwenge, na kwa hilo nawapongeza, ila ule ni uwanja wa ligi: una ukuta, geti na tiketi.

Ninachosema ni hiki: halmashauri ziachane na kumiliki timu za ligi, ziwaachie wanachama na wawekezaji, na fedha hiyo iende kwenye viwanja vya mitaa. Tena shilingi ya kwanza isiende kwenye nyasi wala jukwaa. Iende kwenye kupima eneo, kuchimbia bikoni (mawe ya mipaka) na kutoa hati kwa jina la halmashauri.

Kwa nini hati? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wanashauri asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe maeneo ya wazi ya umma, mbali na barabara. Manzese, Tandale na Buguruni watu walijijengea wenyewe, hakukuwa na ramani ya kuacha nafasi. Sinza na Kijitonyama, ambako viwanja vya nyumba vilipimwa miaka ya 1970, maeneo ya wazi yalichorwa. Nendeni leo mkaone mangapi yamegeuka baa, gereji na fremu za maduka. Kiwanja cha mchangani kinaishi kwa sababu tu hajatokea wa kukichukua. Siku akija mtu na karatasi, vijana waliocheza ndondo, mpira wa mtaani, pale tangu utotoni hawana karatasi ya kumjibu.

Baada ya hati ndipo lije greda lisawazishe, uchimbwe mfereji wa maji ya mvua, yasimamishwe magoli ya chuma, kijengwe choo chenye maji. Nyasi bandia sizitaki mwanzoni. Serikali ilipoziondolea VAT mwaka 2021 kwa viwanja vya majijini, wengi tulishangilia, lakini nyasi zile zinachakaa na zinadai matunzo. Kiwanja kikishagharimu fedha nyingi kiasi hicho kinafungwa kufuli ili fedha irudi, na wa kwanza kuachwa nje ya kufuli ni mtoto.

Mnaosema bajeti haiwezi kutengewa fungu la lazima, kumbukeni kuwa tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Fungu la lazima linawezekana likiamuliwa. Mimi naomba asilimia moja tu.

Karibuni.

Mama wa Mbagala

Kaka, nimekusoma hadi mwisho. Mimi ni mama wa watoto watatu na mmoja wao anacheza mpira, kwa hiyo usinione adui wa michezo. Lakini hiyo asilimia moja yako inatoka wapi? Mapato ya ndani ya halmashauri ni fungu moja. Ukimega huku, kule kunapungua. Kule ni zahanati ambayo mjamzito anafika saa kumi na mbili asubuhi apate namba. Kule ni mtaro ambao mvua ya masika ikinyesha unamwaga maji machafu sebuleni kwangu. Mtoto wangu akicheza barabarani naumia, lakini akiugua nikaambiwa dawa nikanunue nje, naumia zaidi.

Na kitu kingine: mnapopanga haya, mnapanga nani akiwepo? Mkutano wa mtaa kwetu unaitishwa kwa kipaza sauti asubuhi, sisi tukiwa sokoni.

Mdau kutoka Mbeya

Mkuu, umetuonea. Unasema timu haiachi kitu ardhini. Simba au Yanga wanapokuja uwanja wetu wa Sokoine, gesti zinajaa, mama lishe anapika sufuria mbili badala ya moja, bodaboda hawalali. Fedha hiyo haionekani kwenye vitabu vya halmashauri lakini iko mifukoni mwa wananchi walewale unaowatetea. Na vijana wetu waliosajiliwa kwenda klabu kubwa walionekana kwa sababu kulikuwa na timu ya kuonekana nayo. Kiwanja chenye hati bila timu ya kuitamani, mtoto anakimbilia nini?

Tatizo la kweli hulitaji. Sokoine si mali ya jiji, ni mali ya CCM. Kirumba, Mkwakwani, Majimaji, Ali Hassan Mwinyi, Jamhuri ya Morogoro na ya Dodoma, Sheikh Amri Abeid, hadithi ni ileile. Vilijengwa enzi za chama kimoja, chama na serikali vikiwa nyumba moja, na wazee wetu walichangia fedha na nguvu zao. Vyama vingi vilipoingia 1992, viwanja vikabaki kwa chama. Leo timu ya halmashauri ikicheza nyumbani ni mpangaji. Anzia hapo kabla ya kutuvunjia timu.

Mwalimu wa mpira wa pete, Ilala

Naomba niingie, maana naona mnagombania kiwanja kimoja tu, cha mpira wa miguu.

Kiwanja cha mpira wa miguu cha mita 105 kwa 68 kinakula mita za mraba 7,140. Cha pete ni 30.5 kwa 15.25, yaani mita za mraba 465 hivi. Kimoja ni zaidi ya mara kumi na tano ya kingine. Mkisema hakuna ardhi, mnamaanisha hakuna ardhi ya wavulana. Nafasi ya kuchora kiwanja cha pete ipo nyuma ya ofisi nyingi za kata, ipo pembeni ya masoko, ipo kwenye viwanja vyetu vya shule ambavyo jioni vinafungwa.

Nimefundisha wasichana wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wenye vipaji vya kutisha. Wakifika kidato cha pili wengi wanaacha, na sababu wanazonipa hazina siri: hakuna choo, hakuna pa kubadilishia nguo, giza likiingia njia haina taa, na wavulana wanawafukuza kiwanjani kwa sababu "mechi inaanza". Mleta mada umeandika choo mwishoni mwa orodha yako. Kwetu choo kinakuja kabla ya magoli. Kiwanja kitakachojengwa kwa kodi ya mama huyu wa Mbagala kisha binti yake asikanyage, mimi sikiungi mkono hata kama kina hati kumi.

Mjumbe mstaafu wa serikali ya mtaa

Nimekaa kwenye vikao hivyo, niwaeleze viwanja vinavyopotea. Watu hudhani anakuja tajiri usiku. Wapo hao. Lakini mara nyingi kinaanza kuliwa mchana, kwa muhtasari uliosainiwa. Kwanza mnada wa Jumamosi, ushuru unaingia, kila mtu anafurahi. Kisha vibanda vya mnada vinabaki Jumapili. Kisha fremu "za muda". Kisha aliyepanga fremu anadai fidia ili aondoke.

Na mara nyingine kinachokula kiwanja ni kitu chema. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, trilioni 1.3, nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa haraka. Sisi tuliambiwa tutafute eneo, muda ulikuwa mfupi, na eneo pekee lisilo na fidia lilikuwa kiwanja cha shule. Watoto walipata madarasa, wakakosa pa kuchezea. Mngekuwa nyinyi mezani mngefanyaje? Mtoto alikuwa anasoma chini ya mti.

Hati ingetusaidia, hilo nakubaliana na mleta mada. Si kwamba ingezuia, ila ingelazimisha swali liulizwe kwa maandishi na lijibiwe kwa maandishi. Sisi hakuna aliyetuuliza.

Mleta mada

Nimesoma wote, nashukuru. Nijibu moja moja.

Dada wa Mbagala, zahanati na mtaro siwezi kuvipinga, na sitaki asilimia moja yangu itoke kwenye dawa. Ndiyo maana nimeanza na fedha ambayo tayari inaitwa ya michezo, ile ya timu. Lakini iko nyingine. Tangu 2021 sehemu ya kodi ya kubeti matokeo ya mechi, asilimia 5, ilielekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Fedha hiyo inatoka kwenye vijiwe vya Mbagala na Manzese, kwa vijana wanaobeti, na mfuko huo tunausikia zaidi kwenye habari za timu za taifa. Naona haki sehemu yake irudi ilikotoka, ifanye kazi ya kusawazisha viwanja vya mitaa hiyohiyo. Hapo hatugusi zahanati yako.

Kisha kuna jambo moja linalotofautisha kiwanja na mahitaji mengine yote uliyoyataja. Dawa zikikosekana mwaka huu, na hilo ni baya, mwakani zinaweza kununuliwa. Mtaro unaweza kuchimbwa mwakani. Eneo la wazi likishajengwa Temeke au Kinondoni, halmashauri hainunui tena, kwa sababu fidia ya nyumba za kubomoa haitaiweza kamwe. Kupima na kutoa hati ni gharama ndogo kuliko zote tulizozijadili hapa, na ndiyo pekee isiyoweza kusubiri.

Ndugu wa Mbeya, mama lishe wa siku ya Simba nakubali. Ila anauza mara mbili kwa msimu, Simba na Yanga, na mechi zilizobaki jukwaa liko wazi. Ndondo inampa wateja kila jioni. Kuhusu viwanja vya CCM nakuunga mkono bila kusita: vilivyojengwa kwa michango ya wananchi wote virudi kwa wananchi wote, chini ya halmashauri. Tumeingia AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa zaidi ya shilingi bilioni 280, katika mji wenye Sheikh Amri Abeid tayari. Sipingi AFCON. CHAN ya 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilituonyesha tunaweza kupokea wageni, na Taifa Stars walifika robo fainali. Ninachodai ni kwamba nchi inayoweza kutafuta mabilioni hayo haiwezi kumwambia mtoto wa Vingunguti kwamba fedha ya bikoni haipo.

Mwalimu, umenisogeza. Choo na taa kabla ya magoli, na kila kiwanja kitakachopata fedha ya umma kiwe na cha pete pembeni na ratiba iliyobandikwa yenye saa za wasichana. Mzee wetu mjumbe, kwenye madarasa jibu langu ni ghorofa. Dar tayari zipo shule za ghorofa. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini bei ya darasa la chini kwenye kiwanja tunaihesabu pungufu, kwa sababu ardhi tunaiandika sifuri.

Mama wa Mbagala

Hati nakubali. Bikoni nakubali. Fedha ya kubeti irudi, hiyo nakubali kwa mikono miwili, maana naijua inatoka mfuko wa nani. Timu ya ligi na nyasi bandia, hapana. Na bajeti ya kiwanja ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa tuisome, na mkutano uwe Jumapili jioni.

Bado hamjaniambia jambo moja. Kiwanja kikishapona, nani atafagia choo, nani atalipia taa, nani atashika ufunguo? Kwetu kila kitu cha umma kinachohitaji ufunguo kinaishia kuwa cha mwenye ufunguo.

Mjumbe mstaafu wa serikali ya mtaa

Swali hilo ndilo lililovunja kamati yetu. Tulijaribu ada kwa timu za watu wazima, watoto bure. Fedha ilitosha taa na mfagiaji. Kisha waliokuwa wanalipa wakadai saa zote za jioni ni zao kwa sababu wanalipa, na watoto wakarudi barabarani.

Mwalimu wa mpira wa pete, Ilala

Basi ada isinunue saa. Saa za watoto ziandikwe kwanza kwenye ratiba, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, haziuzwi hata kwa timu ya diwani. Watu wazima walipie taa kuanzia hapo. Na mshika ufunguo achaguliwe na mkutano wa mtaa kwa mwaka mmoja, awe mwanamke angalau kila mwaka wa pili.

Mleta mada

Naipokea ya mwalimu, ila mwaka mmoja naona mfupi kwa mtu kujifunza hesabu za taa na maji. Wenye kamati za viwanja zilizodumu, hasa nje ya Dar, tuambieni: kwenu mshika ufunguo analipwa au anajitolea, na fedha inakaguliwa na nani?