Tupeane uzoefu, sisi tunaosikia sauti kichwani: zikianza katikati ya shughuli, wewe hufanyaje?

Niko Kisumu, nauza mitumba Kibuye. Dawa nameza, sauti zimepungua ila hazijaisha, na daktari alishaniambia si kila mtu humwishia kabisa. Sasa tuongee maisha ya kawaida. Jumapili soko likifurika, kelele za watu zinachanganyikana na zangu, mtu akicheka pale mbele naona ni mimi ananicheka. Mimi huvumisha wimbo mdomo ukiwa umefungwa huku nakunja nguo, zinashuka kidogo, wateja wanadhani ni raha zangu tu. Nyinyi je?

BodaFreeArea: Nakuru hapa. Naweka simu sikioni nazijibu kabisa, "sina time saa hii, tuongee saa mbili usiku," na wakati mwingine zinatii ha ha. Nani atakushangaa, si kila mtu anaongea na simu? Kitu kingine ni usingizi. Enzi za kukesha na muguka, yale majani ya kutafuna, kesho yake kila gari nyuma yangu naona linanifuata. Muguka na bangi niliweka chini.

FundiKakamega: Kwangu sauti si shida kama ile sindano ya dawa ya kila mwezi. Mikono ilikaza ikawa inatetemeka, na mimi ni wa cherehani. Kliniki wanauliza "uko sawa?" unasema niko sawa unaenda. Siku moja nikabeba uzi na sindano ya kushonea, nikajaribu kuuingiza mbele ya daktari, ukakataa kabisa. Akapunguza dozi akaongeza benzhexol, ile dawa ya kutuliza kukaza na kutetemeka. Watu wanasema wagonjwa ni wakaidi wanaacha dawa, lakini hawaulizi dawa imewafanya nini.

MamaChwele: Pole wanangu. Kijana wangu anaona majirani wanatia kitu kwa chakula. Sibishani naye na pia simkubalii, namwambia "mimi sijaona hiyo, lakini naona umeogopa." Napakua sahani mbili, anachagua yake, mimi nakula ile imebaki. Kwa maombi walimfungisha bila kula bila kulala akazidi kuchanganyikiwa, hapo nikamtoa. Na sauti zikimwambia ajiumize hatungoji tarehe ya kliniki, ni kasualti siku hiyo hiyo na simwachi peke yake.

BodaFreeArea: Mama, hiyo ya sahani mbili naichukua. Kuna mtu anameza olanzapine hapa, hii dawa yangu ya sauti? Nimenenepa, njaa haiishi hata nikitoka kula, mnafanyaje na wameshawapima sukari?