Karabai inatoa moto mkubwa wa njano, na maswali mengine kuhusu vitu vya enzi za baada ya vita

Mjukuu wa Kondele aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Desemba ukoo wetu unakutana huku nje kidogo ya Kisumu, na tumekubaliana tukae na Dani, yaani bibi yetu, atusimulie maisha yalivyokuwa baada ya vita vya Hitila, yaani 1945 hadi miaka ya 1950 hivi. Ukimuuliza "mwaka gani" hajibu, lakini ukimwekea kitu mkononi anaongea mpaka chai inapoa. Kwa hivyo nakusanya vitu. Nina karabai ya shaba yenye geji ndogo ya mstari mwekundu kwenye kifuniko cha tangi, pasi ya makaa yenye jogoo (kile kitasa cha kufungia kifuniko), na mkebe wa senti za tundu.

Karabai nikiiwasha inalipuka moto wa njano hadi juu ya kofia na kioo kinajaa masizi. Nakosea wapi? Pasi nayo, nataka Dani aone shati la kaki likinyooshwa kama zamani. La mwisho: nitajuaje miaka ya mambo anayosimulia?

Fundi Section 58 alijibu:

Moto wa njano maana yake mafuta yanatoka yakiwa bado maji. Karabai haichomi mafuta ya taa yenyewe, inachoma mvuke wake. Ule mrija wa shaba uliosimama katikati lazima uwe moto sana kabla hujafungua mafuta, ndipo mafuta yanageuka mvuke humo ndani na kutokea kwenye kitundu cha juu. Ukiharakisha, yanaruka kama maji ya bomba na kushika moto ovyo. Tisa katika kumi ya karabai "mbovu" hazina ubovu wowote, ni mwashaji hana subira.

Anza na tangi. Mafuta yaliyokaa humo miaka yameshakuwa gundi, yamwage. Suuza kwa mafuta mapya kidogo, tikisa, mwaga tena. Kisha jaza mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa safi, yafike robo tatu ya tangi. Tangi la aina hiyo huchukua karibu lita moja na huwaka kwa muda wa kama saa nane. Ile robo iliyobaki ni ya hewa, usiijaze. Na petroli isiingie humo hata tone, hiyo si taa tena, ni bomu.

Kifuko cha nyuzi kinachong'aa kifunge kwenye mfereji wa ule mdomo wa udongo, sambaza mikunjo izunguke sawasawa, kata ncha za uzi. Fungua skrubu ndogo ya hewa pale kwenye geji ili tangi lisiwe na presha. Gurudumu la pembeni liwe limefungwa: kwa taa nyingi za muundo huo, mshale ukitazama juu ni kufunga, ukitazama chini ni kufungua. Sasa jaza spiriti kwenye kikombe kidogo kilicho chini ya mrija na uiwashe. Usipige pampu. Iache iwake yote, dakika moja na nusu hadi mbili. Kifuko kitaungua, kitasinyaa na kubaki jivu jeupe. Ndivyo inavyotakiwa, ila kuanzia hapo usikiguse, kwani hata inzi anakitoboa.

Spiriti ikibaki mwali mdogo wa buluu unaotaka kuzima, funga skrubu ya hewa, piga pampu kama mara 20, geuza mshale chini taratibu. Utasikia "puu!" kisha mvumo. Endelea kupampu mpaka geji ifike mstari mwekundu.

Ikitoa njano tena, fungua skrubu ya hewa mara moja, izime, ipoe kabisa ndipo utie spiriti upya. Usimimine spiriti kutoka kwenye chupa juu ya taa iliyo moto, watu wameungua nyuso kwa hilo. Mwanga ukiwa unapanda na kushuka kama unapumua, kitundu kina uchafu: zungusha gurudumu duara zima ili sindano ikizibue. Ikikataa bado, shuku maji kwenye mafuta. Kifuko kikitoboka kibadilishe usiku huohuo, maana mwali utapita kwenye tundu na kupasua kioo. Vifuko vya zamani vina thori, ambayo ina mnururisho kidogo, kwa hivyo usipulize lile jivu kuelekea usoni, na nawa mikono.

Halafu iwasheni nje au madirisha yakiwa wazi. Chumba kilichofungwa na karabai havipatani.

Mama Dobi alijibu:

Pasi ndiyo rahisi, ila ina hila zake. Makaa uyakolezee nje kwenye jiko mpaka yawe mekundu bila moshi, ndipo uyahamishe. Ukiwashia ndani ya pasi, shati litanuka moshi wiki nzima. Chagua makaa magumu ya vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Teremsha jogoo kaza, kisha bembea pasi mbele na nyuma kama mara kumi hivi ili hewa ipite kwenye matundu. Bembea mbali na nguo! Jivu jeupe kwenye kaki iliyolowa halitoki, linakuwa tope.

Kabla ya hapo kuna wanga. Vijiko viwili vya unga wa muhogo, vikorogwe kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina maji yanayochemka lita moja huku ukikoroga hadi uji ung'ae. Chuja. Chovya kaki, kamua, anika. Ikikauka nyunyizia maji, ikunje kama mkeka na uiache nusu saa ili unyevu usambae. Watu wengi huruka hapo wakaishia kupigana na makunyanzi. Wanga ukizidi, nguo inang'aa kama imepakwa mafuta, inavunjika kwenye mikunjo na kugandia pasi.

Kupima joto, dondoshea tone la maji: likichemka polepole bado, likirukaruka na kukimbia iko tayari. Futa tumbo la pasi kwenye kitambaa chenye unyevu, halafu pitisha juu ya jani bichi la mgomba. Utomvu na nta ya jani hufanya pasi iteleze, na harufu yake peke yake itamfanya Dani aanze kuongea. Tumia pamba tupu. Shati la poliesta litayeyuka, pasi hii haina kidhibiti cha joto isipokuwa mkono wako.

Kasha la Sarafu alijibu:

Usizisugue hizo senti kwa stiliwaya wala ndimu. Maandishi yake ndiyo kalenda yako.

Senti 1, 5 na 10 ndizo zenye tundu, zina pembe za ndovu mbili zilizopinda na jina la mfalme bila sura yake. Tundu liliwafaa watu kuzitunga kwenye uzi. Senti 50 na shilingi hazina tundu, zina simba mbele ya milima na kichwa cha mfalme. Muulize Dani majina, usimtajie wewe: ndururu ni senti 5, otonglo ni senti 10, sumuni ni senti 50. Mwambie akuoneshe kila moja ilinunua nini dukani, hapo ndipo hadithi ilipo.

Sasa soma pembeni mwa jina la George VI. Ukiona "ET IND:IMP", maana yake bado alikuwa mtawala wa India, na sarafu hiyo ni ya kabla ya 1948. India ilijitawala Agosti 1947, na zilizochapwa kuanzia 1948 hazina maneno hayo. Shilingi za hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, za 1948 hazina kabisa. Sarafu za Elizabeth zinaanza 1954, lakini shilingi yenye kichwa chake haikuchapwa kwa pesa hizo za Afrika Mashariki, kwa hivyo akikuambia aliiona, huenda anachanganya na sumuni. Tafuta pia senti 10 ya 1936. Kuna zenye jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakumaliza hata mwaka.

Kuhusu miaka, usiulize mwaka, uliza kabla au baada. Askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu) waliokuwa Bama, yaani Burma, walirudi 1945 na 1946: je, mjomba aliyerudi na koti la kijeshi alimkuta Dani ameolewa? Baba yake alikuwa bado na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wakoloni, ndani ya kikasha cha bati shingoni? Sheria ya kubadilisha hilo ilikuja 1947. Wanawake hawakuvaa kipande, kwa hivyo usimuulize chake. Garimoshi liliandikwa KUR (reli ya Kenya na Uganda) au EAR (reli ya Afrika Mashariki)? Mabadiliko hayo ni ya 1948. Kingi George alikufa Februari 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa Oktoba mwaka huohuo, Malkia akavikwa taji Juni 1953. Ukiwa na alama nne au tano za namna hiyo, tukio lolote utalibana kati ya miaka miwili. Na vipimo mwachie kama alivyovijua: debe ni galoni 4, karibu lita 18, na ratili ni gramu 454. Ukimgeuzia kuwa kilo kila dakika, utamkata maneno.

Mjukuu wa Kondele:

Asanteni sana wakubwa. Fundi, nimefungua pampu, ile ngozi ya ndani imekauka na kupasuka upande mmoja. Ndiyo maana napampu bila nguvu?

Fundi Section 58:

Ndiyo. Ingekuwa imekauka tu, ungeilowesha mafuta ya kupikia usiku mmoja na kuipanua kwa vidole ijae bomba. Ikishapasuka, badilisha. Ulizia ufukweni kwa wavuvi wa omena, wengi wamehamia taa za sola na spea za karabai bado zimelala kwenye masanduku yao. Ukikosa, kata duara kwenye ngozi laini, lizidi upana wa bomba kwa milimita 3 au 4 kila upande, toboa katikati, lowesha kwa mafuta, kisha likaze kati ya nati na sahani yake. Ukilirudisha, mdomo wa hiyo ngozi iliyopinda kama kikombe utazame chini kwenye tangi. Ukitazama juu kwako, utapampu mpaka asubuhi na geji haitasogea.