Mliobadilisha masharti ya PhD ya kompyuta tukiwa njiani, tujibuni

Wakuu, heshima kwenu. Niko Moshi, nina hasira na sitaificha. Chuo sikitaji kwa sababu bado nimo ndani na faili langu liko mezani kwao.

Mwaka 2020 nilidahiliwa kusoma shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta. Kuingia tu ilikuwa shughuli: GPA ya uzamili waliyoitaka, barua za wadhamini wawili, andiko la utafiti, msimamizi aliyekubali kwa maandishi. Uzamili wangu ulikuwa wa mifumo ya habari, wakasema hautoshi, nikae kwanza darasani na vijana nisome kozi mbili, ya algoritimu na ya nadharia ya ukokotozi. Nikasoma, nikafaulu. Sikunung'unika hata siku moja, kwa sababu sharti hilo lilikuwemo kwenye mwongozo niliokabidhiwa, kijitabu chenye jalada la kijani. Humohumo waliandika na sharti la kumaliza: machapisho mawili yaliyopitiwa na wataalamu. Neno "jarida" halimo. Nimekisoma kijitabu kile mpaka kimelegea mgongo.

Nikaingia kazini. Utafiti wangu ni wa kutambua kutu ya majani ya kahawa kwa kamera ya simu. Misimu miwili nimeamka saa kumi na moja alfajiri kupanda Kibosho, huko juu mlimani Kilimanjaro, nipige picha kabla jua halijawa kali, maana mwanga wa saa tano unaiua ile rangi ya chungwa ya unga wa kutu chini ya jani. Mama mmoja mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, alikuwa ananigeuzia jani kwa vidole viwili, anasubiri nimalize, anahamia tawi lingine. Picha zaidi ya elfu sita. Programu iliyotoka hapo inafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini bila intaneti, kwa sababu huko juu kwenye migomba mtandao unakuja na kuondoka.

Makala ya kwanza niliiwasilisha Nairobi mwaka 2023, kwenye kongamano la IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Wahakiki watatu waliichambua, mmoja akanilazimisha kurudia majaribio yote upya. Nikapanda basi kupitia Namanga kwa nauli yangu. Ya pili niliiwasilisha Kigali mwaka uliofuata, baada ya mchujo kama huo.

Mwaka huu nikapeleka nakala za tasnifu. Dada wa ofisi ya masomo ya juu akafungua makala zangu, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, hizi ni za makongamano. Mwongozo mpya unataka majarida mawili yaliyomo Scopus." Yaani ile orodha ya kimataifa ya majarida ya kitaaluma. Mwongozo mpya umepitishwa lini? 2023. Mimi nimeingia lini? 2020. Akasema unamhusu kila ambaye hakuwa amekabidhi tasnifu. Simlaumu yeye, ametumwa. Nawalaumu walioketi kwenye kamati wakapitisha jambo hilo bila hata mstari mmoja wa kutulinda sisi tuliokuwa katikati.

Na hebu niwaulize wanakamati: kuna mtu wa kompyuta aliyekuwemo humo ndani? Fani yetu haiendi kama udaktari au kilimo. Kwetu kazi kubwa zinatoka kwenye makongamano. Usanifu wa transfoma wa akili mnemba, ambao ndio herufi T kwenye GPT ya ChatGPT, ulitolewa na watafiti wa Google kwenye NIPS, kongamano la akili mnemba, mwaka 2017. MapReduce iliyofundisha dunia kuchakata data nyingi kwa mashine nyingi kwa pamoja, ilitoka kwenye OSDI, kongamano la mifumo ya kompyuta, 2004. Wala hili si geni: mwaka 1999 Computing Research Association, jumuiya ya utafiti wa kompyuta ya Marekani, ilitoa waraka wa wanasayansi wa kompyuta David Patterson, Lawrence Snyder na Jeffrey Ullman, ukiwaeleza wakuu wa vyuo wasimpime mtu wa kompyuta kwa majarida peke yake. Zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye, mimi naambiwa Nairobi nilienda kutembea.

Jarida zuri la fani hii linaweza kukuweka mwaka mzima ukisubiri jibu la kwanza. Yale ya haraka yanataka pesa: IEEE Access, jarida la IEEE haohao, inatoza karibu dola 2,000, yaani karibu milioni tano za kwetu, kwa makala moja. Mimi ni mkufunzi wa chuo kidogo. Na kila mwaka ninaosubiri, nalipa ada ya kuongeza muda. Walioweka sharti ndio wanaopokea ada hiyo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Matokeo yake mnayajua. Kuna majarida ya mtandaoni yanakujibu ndani ya siku nne kwamba makala yako ni bora sana, lipa dola 150. Nimeletewa mwaliko wa aina hiyo na mwenzangu tuliyeanza naye, kwa nia njema kabisa, "tumalize tu ndugu yangu". Nimekataa. Sitaweka jasho la yule mama wa Kibosho kwenye gazeti la kununuliwa ili kamati iweke tiki.

Mkitaka majarida, sawa, yaandikeni kwenye mwongozo wa wanaoanza mwezi wa kumi, waingie wakijua. Sisi tupimeni kwa kijitabu mlichotupa wenyewe.

Nimeandika barua ya rufaa, Jumatatu naipeleka kwa mkono na nataka igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Peke yangu nitaonekana mkorofi. Kama uliingia kati ya 2019 na 2022 na umekwama hapohapo, njoo PM, tuandikiane faragha. Na mwenye ile barua ya udahili inayosema "utaongozwa na kanuni za mwaka wa kudahiliwa" naomba nakala, yangu ililowa mafuriko ya mwaka jana na mstari huo hausomeki vizuri.