Ushauri: picha za Waaborijini za kupamba sebule, nianzie wapi?

Mhamiaji_Perth: Wakuu, heshima kwenu. Tumehamia nyumba mpya hapa Perth, Australia, na kuta za sebule ni nyeupe, tupu. Mimi na mke wangu tunapenda michoro ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa huku, hasa ile ya nukta nukta ya jangwani. Bei ya michoro mikubwa hatuiwezi, kwa hiyo tunafikiria chapa za karatasi, yaani nakala zilizochapwa. Mtandaoni nimeona seti ya picha tatu, bei chee, imeandikwa tu "mtindo wa Aboriginal". Nichukue?

BiMkubwa_Melb: Mdogo wangu, achana nayo. Jina la msanii likikosekana, uwezekano mkubwa hakuna Mwaborijini aliyelipwa hapo. Michoro ile ina wenyewe. Mingi hubeba simulizi za mahali: simulizi ya kisima fulani ni ya ukoo fulani, na hata ndani ya jamii si kila mtu anaruhusiwa kuichora. Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliwapa haki wasanii ambao kazi zao zilinakiliwa bila idhini kwenye mazulia yaliyofumwa Vietnam. Tafuta vituo vinavyomilikiwa na wasanii wenyewe: Papunya Tula ya Alice Springs, iliyoanza 1972, au Warlukurlangu ya Yuendumu, zote huko jangwani katikati ya Australia. Hao wa Yuendumu wanauza mtandaoni, na wana turubai (vitambaa vya kuchorea) ndogo za sentimita 30 kwa 30, zilizochorwa kwa mkono. Linganisha bei kabla ya kukimbilia chapa, unaweza kushangaa.

Fundi_Fremu: Naongezea. Kuna bango, yaani mchoro uliopigwa picha ukachapwa, na kuna chapa ambayo msanii aliichora kwa ajili ya kuchapwa. Hii ya pili huwa na sahihi ya penseli na namba, mfano 12/99, yaani nakala ya 12 kati ya 99. Usiining'inize mkabala na dirisha, jua la Perth unalijua. Weka kioo cha kuzuia miale ya UV, na karatasi isigusane na kioo.

Kijana_wa_Ujiji: Samahani kwa swali la kijinga, juu ni wapi na chini ni wapi kwenye hizi picha?

BiMkubwa_Melb: Swali zuri hilo. Wasanii wengi wa jangwani hulaza turubai chini na kuichora wakiizunguka, kwa hiyo nyingi unaweza kuzigeuza upendavyo. Ila muulize muuzaji.

Mhamiaji_Perth: Asanteni sana. Seti nimeiacha. Tatizo sasa mama watoto anataka ya bluu iendane na kochi.

Fundi_Fremu: Mkuu, kochi litabadilishwa. Chagueni picha kwanza.

BiMkubwa_Melb: Na mdai hati yenye jina la msanii na simulizi ya mchoro, ibandike nyuma ya fremu.