Seva ya Postfix inapitisha barua za wageni: kosa liko wapi?

Muulizaji
Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia seva ya barua pepe ya ofisi ndogo, inayotumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe) nyuma ya ruta. Tangu juzi foleni imejaa matangazo yanayokwenda kwa watu tusiowajua. Nimeijaribu kwa kompyuta ya ofisini, ikapokea barua ya kwenda kikoa kisicho chetu bila kudai neno la siri. Je, hiyo inathibitisha kwamba iko wazi kwa kila mtu?

Jibu la kwanza
Haithibitishi. Kompyuta ya ofisini kwa kawaida imo katika mynetworks, yaani orodha ya anwani za IP ambazo Postfix inaziamini, hivyo haizidai neno la siri. Jaribu kutoka nje, ikiwezekana kwenye seva ya kukodi inayoruhusu poti 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua, kwani mitandao mingi ya majumbani huifunga. Seva iliyofungwa vizuri hujibu "554 5.7.1" na kumkataa mpokeaji wa kikoa kingine. Angalia pia kumbukumbu (logi) za seva: barua hizo zikiwa na sasl_username, yaani jina la mtumiaji aliyeingia kwa neno la siri, basi mlango haukuachwa wazi, bali kuna mtumiaji aliyeibiwa neno la siri, na hilo lina dawa yake.

Muulizaji
Ahsante. Kutoka nje nimejibiwa 250, yaani imekubaliwa, na barua imefika. Hakuna sasl_username. Ajabu ni kwamba kila muunganisho, hata huo wangu wa nje, umeandikwa kuwa unatoka 192.168.1.1.

Jibu la pili
Hiyo si ajabu, ndiyo kiini chenyewe, ikiwa anwani hiyo ni ya ruta. Ruta inaondoa anwani ya IP ya anayeunganisha na kuweka yake kabla ya muunganisho kuifikia seva, na kwa kuwa 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1, imo katika mynetworks, dunia nzima inahesabiwa kuwa watu wa ofisini. Hata smtpd_relay_restrictions (masharti ya kupitisha barua) ikiwa sahihi haitakuokoa, maana permit_mynetworks, inayoruhusu walio katika mynetworks, husomwa kabla ya reject_unauth_destination, inayokataa barua za vikoa vingine. Leo hii punguza mynetworks ibaki na 127.0.0.0/8 na [::1]/128, yaani seva yenyewe tu, watumishi watume kwa poti 587 na neno la siri, kisha urekebishe kanuni ya NAT (ile ya ruta inayobadilisha anwani) ili anwani halisi zionekane. Bila hivyo hutaweza hata kumzuia mshambuliaji mmoja mmoja.

Jibu la kwanza
Naafiki. Usikimbilie "postsuper -d ALL", kwa sababu itafuta na barua halali zilizomo kwenye foleni. Maombi ya kuondolewa kwenye orodha za kuzuia taka, kama mmeshaingizwa humo, yatumwe baada ya jaribio la nje kurudisha 554.